Kuomba masta Ujerumani ukiwa Tanzania: anza na kozi, ufadhili utafuata

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: "Shikamoo dada. Naomba uniunganishe na skolashipu ya Ujerumani." Marahaba, mdogo wangu. Lakini sina pa kukuunganisha. Kule hakuna dirisha moja linaloitwa skolashipu ya Ujerumani ambalo mtu anaweza kukushika mkono akakupeleka. Kuna kozi. Kila kozi ina mratibu wake, ukurasa wake, masharti yake na tarehe yake ya mwisho, na pesa, kama zipo, mara nyingi zimefungwa kwenye hiyo kozi. Anayetafuta pesa kwanza huishia kwenye magrupu ya WhatsApp akisambaza viungo vya matangazo ya mwaka juzi. Anayetafuta kozi kwanza huzikuta pesa ukurasa wa pili.

Nijitambulishe kidogo ili ujue maneno haya yanatoka wapi. Mimi ni mtu wa misitu. Vijijini wananiita bwana miti ingawa ni mwanamke, nimeshazoea. Shahada ya kwanza nilisoma SUA, Morogoro, nikafanya kazi Mufindi na wakulima wa miti, halafu nikaenda kusoma masta ya misitu ya tropiki Tharandt, mji mdogo ulio bondeni karibu na Dresden, ambako Heinrich Cotta alihamishia shule yake ya misitu mwaka 1811. Kwa hiyo nitakayosema yanahusu masta, inayofundishwa kwa Kiingereza, kwenye vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani. Wa kidato cha sita anayetaka shahada ya kwanza kule ana njia nyingine, yenye Kijerumani kingi, na sitaigusa hapa.

"Ujerumani ni bure"

Muulize anayekuambia hivyo: chuo gani, jimbo gani? Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya euro 100 na 350 kwa miezi sita, na sehemu nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, yaani Heidelberg, Freiburg, Stuttgart, Tübingen, Hohenheim, Karlsruhe na wenzao, linawatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wageni mwaka 2024, na kwa masta ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Majina haya nayataja kwa sababu ndiyo yanayokuja juu kwenye orodha za "vyuo bora", na vijana wetu huanzia hapo hapo.

Tena "bure" haihusu chakula, kodi ya chumba wala bima. Hilo nitalirudia kwenye pesa.

Kuisoma kozi

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, lina orodha ya mtandaoni ya kozi za kimataifa. Fungua, chagua masta, chagua Kiingereza, andika fani yako. Usichague mji. Chagua kozi tano au sita ambazo ukisoma majina ya masomo yake unajisikia kutaka kesho iwe Jumatatu. Kisha ondoka kwenye orodha, nenda kwenye ukurasa wa kozi yenyewe huko chuoni, kwa sababu wanaoirekebisha tarehe wanaanza kwao, si kwenye orodha.

Kwa kila kozi andika kwenye daftari: wanamchukua nani (fani gani, alama gani, uzoefu gani), wanataka uthibitisho gani wa Kiingereza, maombi yanapitia wapi, na mwisho wa kutuma ni lini. Hapo kwenye tarehe ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kozi moja inaweza kuwa na tarehe mbili: ya anayejilipia na ya anayeomba ufadhili, na ya ufadhili hutangulia kwa miezi mingi. Masomo yanayoanza Oktoba, anayejilipia anaweza kuwa na nafasi hadi Mei au hata 15 Julai ya mwaka huo huo. Anayetaka ufadhili wa EPOS mara nyingi alitakiwa awe ametuma kati ya Agosti na Oktoba ya mwaka uliopita. Yaani unaomba leo, unapanda ndege mwakani.

EPOS ni nini? Ni mpango wa DAAD kwa masta zinazohusu maendeleo, na kwa wenzangu wa kilimo, misitu, maji, nishati, mipango miji na afya ya jamii ndio wa kuangalia kwanza. Kila mwaka hutoka orodha ya kozi zilizomo. Kwa miaka mingi humo kumekuwa na misitu ya tropiki ya Dresden, nishati jadidifu ya Oldenburg, na mipango ya maeneo ya Dortmund, ile inayoitwa SPRING, ambayo Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake. Sharti lake kubwa ni uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Hesabu vizuri: ukiomba mwaka mmoja baada ya kuhitimu ni mapema mno, ukingoja miaka saba umechelewa. Dirisha lako liko katikati.

Na maombi ya EPOS huyatumi DAAD. Unayatuma kwenye kozi. Kozi ndiyo inayochuja na kuwapendekeza watu wake kwa DAAD. Ndiyo maana nasema anza na kozi. Unaruhusiwa kuchagua hadi kozi tatu, ukizipanga kwa upendeleo, lakini kama hizo tatu ni misitu, uhasibu na afya ya jamii, msomaji wa kule atajua kwamba wewe unatafuta ndege tu.

Swali linalofuata najua: "Dada, kujitolea kunahesabiwa?" Wahitimu wetu wengi wamejitolea halmashauri miaka miwili bila mshahara, wakifanya kazi ile ile ya mwajiriwa. Usijihukumu mwenyewe. Tafuta barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, majukumu na saa za kazi, kisha mwandikie mratibu wa kozi umuulize. Barua pepe iwe na mistari mitano: wewe ni nani, umesoma nini, swali lako ambalo jibu lake halipo kwenye ukurasa, asante, jina. Usimsimulie maisha. Usimuulize "masharti ni yapi", maana ameshayaandika na atajua hukusoma. Akijibu "Hapana, hatukubali" kwa maneno mawili, hajakutukana. Ndivyo wanavyojibu, hata wao kwa wao.

Alama zako kwa macho yao

Ujerumani alama bora ni 1.0 na ya chini kabisa ya kufaulu ni 4.0. Kozi ikisema inataka "2.5 au bora zaidi", inamaanisha 2.5 kushuka kwenda 1.0. Nimeona kijana mwenye GPA ya 4.1 akiacha kuomba akidhani amepitiliza.

Wanabadilisha alama za nje kwa kanuni wanayoiita ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa mfumo wetu wa GPA, ambao juu ni 5.0 na kufaulu ni 2.0, hesabu yote hiyo inajikata yenyewe na kubaki kitu kimoja: 6 kutoa GPA yako. GPA 4.4 inakuwa 1.6. GPA 3.8 inakuwa 2.2. GPA 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, inakuwa 2.5 kamili. Kwa hiyo kozi inayotaka 2.5 inataka "upa sekondi" yetu, basi. Jirani yangu wa Kenya mwenye asilimia, kufaulu ikiwa 40: mwenye 65 anapata 2.75. Baadhi ya vyuo vina majedwali yao, lakini kwa kujipima nyumbani kanuni hii inatosha.

Kingine wanachokipima ni mzigo wa masomo. Wao wanatumia ECTS, yaani krediti za Ulaya, 60 kwa mwaka, shahada ya miaka mitatu ni 180. Sisi TCU inahesabu 120 kwa mwaka, 360 kwa miaka mitatu. Gawa kwa mbili. Hilo liandike kwenye maombi kama kuna nafasi ya kueleza, na ambatisha maelezo ya kila somo kutoka kwenye prospekta ya chuo chako, maana kozi nyingi hazikatai mtu kwa sababu ya GPA, zinamkataa kwa sababu haonyeshi kwamba alisoma takwimu au ikolojia ya kutosha. Kama somo liliitwa jina la ajabu lakini ndani yake lilikuwa takwimu tupu, ni maelezo hayo ndiyo yatakayokuokoa.

Karatasi

Kwanza jina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Soma jina herufi kwa herufi kama unasoma la mtu mwingine. Kama cheti kimoja kinasema Elizabeth na kingine Elizabeti, au jina la babu limeonekana hapa na kupotea pale, lishughulikie sasa kwa wakili na hati ya kiapo, kabla hujaomba pasipoti, ili pasipoti ifuate jina lililo kwenye vyeti vya shule. Kwenye fomu zote za Kijerumani jina la ukoo na majina ya kwanza yaandikwe kama pasipoti ilivyoyagawa, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Kiingereza: kozi nyingi zinataka IELTS, mara nyingi 6.5, au TOEFL. IELTS hufa baada ya miaka miwili, kwa hiyo usiifanye mapema kwa mbwembwe. Baadhi ya kozi zinakubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Angalia hilo kabla ya kulipia mtihani, maana ada yake inauma, na ukiwa Mafinga kama mimi unajumlisha na basi la Dar na pa kulala. Unayefanya mtihani, fanyia mazoezi sehemu ya kuandika. Kusikiliza na kusoma Watanzania hatufanyi vibaya. Kwenye kuandika tunazunguka mbuyu, na msahihishaji anataka hoja kwenye sentensi ya kwanza.

Skani zako zifanye safi. Stesheneri nyingi zinakuskania kwa mwanga mbaya, pembe imekatwa, kidole cha mhudumu kinaonekana. Simama pale pale, fungua kila faili, angalia muhuri unasomeka na upande wa nyuma umeingia, maana transkripti nyingi zina maelezo ya madaraja nyuma, na bila hayo hawawezi kukokotoa alama yako. Ukisikia kwamba chuo kinataka nakala zilizothibitishwa, soma nani anaruhusiwa kuthibitisha. Si muhuri wa kila mtu unaokubalika.

Wadhamini

"Nenda kaandike mwenyewe, uniletee nisaini." Kila aliyesoma chuo kikuu cha kwetu akaomba barua ya mapendekezo ameisikia. Profesa ana wanafunzi mia tatu na vikao vinne, simlaumu. Lakini barua uliyojiandikia inajulikana: ina sifa nyingi na haina tukio hata moja. Tena lugha yake inafanana na barua yako ya nia, na anayesoma zote mbili ni mtu mmoja.

Fanya hivi. Mpelekee, kwa heshima zote, ukurasa mmoja wa mambo ya kweli: mwaka aliokufundisha, somo na alama, mada ya utafiti wako na ulichokipata, ulivyofanya fildi na wapi, kozi unayoomba na kwa nini, tarehe ya mwisho. Mwambie, "Prof., nimekuletea kumbukumbu ili usihangaike kutafuta." Hapo umempunguzia kazi bila kumwekea maneno mdomoni. Chagua aliyekusimamia utafiti badala ya mkuu wa idara asiyekujua sura. Mhadhiri msaidizi anayesema "alirudi mara tatu msituni kwa sababu vipimo vya kwanza havikumridhisha" ana nguvu kuliko profesa anayesema "ni mwanafunzi mtiifu na mwenye bidii". Utiifu kule hawaupi alama.

Barua iwe na karatasi ya chuo, tarehe ya karibuni, sahihi na muhuri, na anwani ya barua pepe ya chuo, sio ile ya binafsi aliyofungua zamani. EPOS wanataka pia barua ya mwajiri, na ikiwezekana mwajiri aseme kwamba ukirudi kazi yako ipo. Hiyo ya mwajiri ianze mapema kuliko zote, kwa sababu bosi anaweza kuona unaondoka akaikalia. Mkumbushe kila wiki, kwa adabu, bila kuona haya. Tarehe ya mwisho mpe ya wiki mbili kabla ya ile halisi.

Barua ya nia

Hapa ndipo nataka tukae. Kila mwaka nasoma barua za wadogo zangu kabla hawajazituma, na nyingi ni barua moja iliyobadilishwa jina. Sisi tumelelewa na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Tumefundishwa kunyenyekea, kuomba, kumsifu tunayemwomba na kuahidi kuwa waaminifu. Inapendeza kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa kamati ya kozi haisemi kitu.

Soma hii: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiipenda sana misitu. Ujerumani ni nchi iliyoendelea yenye elimu bora duniani. Nikipata nafasi hii ya kipekee nitaongeza ujuzi wangu na kuisaidia nchi yangu katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi."

Badilisha neno "misitu" uweke "uuguzi". Bado inafaa. Badilisha Ujerumani uweke Uturuki. Bado inafaa. Basi haina mwenyewe.

Sasa hii: "Kwa miaka mitatu nimefanya kazi na wakulima wa miti wilayani Mufindi. Wengi wao huvuna misindano ikiwa na miaka minane au kumi, kwa sababu ada ya shule haingoji mti. Mbao zinazotoka ni laini na huuzwa kwa bei ya kutupa. Ninaweza kumwambia mkulima asubiri, lakini siwezi kumwonyesha kwa tarakimu atapata nini zaidi akisubiri miaka mitano mingine. Mitaala tuliyosoma ilihusu mashamba makubwa ya serikali, si nusu ekari ya mama mjane. Ndiyo maana nakuja kwenye kozi yenu kwa ajili ya somo la upimaji wa ukuaji wa miti na lile la uchumi wa misitu."

Haina neno la sifa hata moja kuhusu mwandishi, lakini unamwona. Yuko mahali fulani, ameona tatizo fulani, anajua pale ujuzi wake unapokatikia, na amesoma orodha ya masomo ya kozi. Hayo manne yakikaa kwenye ukurasa wa kwanza umemaliza kazi. Ukurasa wa pili ueleze utakachofanya ukirudi, na hapo pia acha "kuisaidia nchi". Sema ofisi gani, wilaya gani, kazi gani. EPOS ni fedha za maendeleo. Wanataka kujua ujuzi utatua wapi. Kurasa mbili zinatosha, usizidishe.

Masomo uyataje kwa majina yake halisi kama yalivyo kwenye ukurasa wa kozi, na usiyataje yote kama unasoma menyu. Mawili au matatu, kila moja na sababu. Kama kuna mwalimu pale anayefanya utafiti Afrika Mashariki mtaje ikiwa kweli umesoma alichoandika, vinginevyo acha. Kama una pengo, mwaka ulioumwa, somo ulilofeli, miezi uliyokaa nyumbani, sentensi moja kavu inatosha: nini kilitokea, kiliisha lini. Usiombe huruma.

Na hizi programu za akili mnemba. Najua mnazitumia, na kwa kusahihisha sarufi sina ugomvi nazo. Lakini ukiiambia ikuandikie barua nzima itakupa ile ya kwanza, kwa Kiingereza kizuri zaidi. Hiyo programu haijafika Mufindi. Andika kwanza kwa Kiswahili, kama unamwelezea shangazi kwa nini unaenda mbali hivyo, halafu ndipo uipeleke kwenye Kiingereza. Mimi ndivyo nilivyofanya, na aya nilizozipenda zaidi ni zile zilizoanzia kwenye Kiswahili.

Wasifu nao EPOS wanaupenda kwa mfumo wa Ulaya uitwao Europass. Weka tarehe zote hadi mwezi, usiache shimo, na utie sahihi. Fomu ya DAAD pia inataka sahihi ya mkono. Vitu vidogo, lakini faili lisilo na sahihi linatolewa kabla halijasomwa.

Kutuma

Baadhi ya kozi unatuma moja kwa moja chuoni, nyingine zinapitia uni-assist, ofisi ya pamoja ya vyuo vingi inayokagua vyeti vya wageni. Uni-assist inatoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi linaloongezeka katika muhula huo huo, na haianzi kukagua hadi pesa ziingie. Wenye M-Pesa au Airtel Money wanaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, lakini ijaribu mapema kwa malipo madogo, isije ikakataa usiku wa mwisho. Ukaguzi huchukua wiki kadhaa, na wao wenyewe wanashauri utume wiki nane kabla ya mwisho. Kuna kitu kinaitwa VPD: baadhi ya vyuo vinataka uni-assist wakupe kwanza hiyo karatasi ya tathmini, halafu wewe ndiye uipeleke chuoni. Anayesoma haraka hudhani akishapata VPD ameshaomba, kumbe chuo hakijamsikia kabisa.

Chuo chako cha kwanza kitafute pia kwenye anabin, kanzidata ya Wajerumani ya kutambua vyuo na vyeti vya nje. Kikiwa na alama ya H+ kinatambulika, na uchapishe ukurasa huo uuweke kwenye faili, utakusaidia tena ubalozini.

Na wakala? Huhitaji. DAAD haitozi ada ya kuomba ufadhili, na barua ya udahili inatoka chuoni kwa mwombaji mwenyewe. Mtu anayetaka laki tano "kukufungulia mfumo" anakufungulia kitu kilicho wazi. Mbaya zaidi, wengine huweka barua pepe yao badala ya yako, na chuo kikikujibu wewe hujui. Barua pepe iwe yako, nenosiri liwe lako.

Pesa

Ukipata EPOS, mambo ni mepesi: DAAD inalipa euro 992 kwa mwezi, bima, mchango wa nauli, na kwa kawaida miezi ya kujifunza Kijerumani kabla ya masomo. Barua ya ufadhili ndiyo uthibitisho wako wa fedha ubalozini.

Ukijilipia, serikali yao inataka ione kwamba una pa kuanzia mwaka mzima: euro 11,904, kiwango kilichoanza Septemba 2024, kwenye akaunti iliyozuiwa. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Unaifungua mtandaoni ukiwa Tanzania, unatuma pesa yote kwa mkupuo, na ukifika kule inakutolea euro 992 kila mwezi. Kuna nchi ambazo watu wanaazima pesa za shemeji wiki moja, benki inachapa taarifa, pesa zinarudi kwa shemeji. Hapa haiwezekani, pesa inafungwa kweli. Ila pia ni yako, ndiyo utakayoila. Benki za njiani hukata makato, kwa hiyo tuma na nyongeza kidogo. Ikipungua hata euro 10 hupewi cheti cha kukamilisha.

Je, 992 zinatosha? Dresden au miji ya mashariki, ukiwa na chumba cha hosteli ya wanafunzi, ndiyo. Munich utalia. Bima ya afya ya mwanafunzi ni euro 140 na ushee kwa mwezi, lakini bei hiyo hukoma ukitimiza miaka 30, na sisi tunaokwenda tukiwa tumeshafanya kazi wengi tuko jirani na umri huo. Uliza mapema. Usishangae pia kuletewa barua ya kulipia redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Ni ya kweli, si utapeli, gawaneni mnaokaa pamoja. Kufanya kazi kunaruhusiwa, siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024, ila usiipigie hesabu kazi ambayo bado hujaipata, hasa Kijerumani chako kikiwa cha salamu.

Kijerumani chenyewe: kozi haikidai, maisha yanakidai. Ukiwa Dar, Goethe-Institut wako Upanga. Hata ngazi ya kwanza tu itakusaidia dukani, kwa daktari na kwenye ofisi ya uhamiaji, ambako Kiingereza ni cha bahati.

Viza

Barua ya udahili ikifika, siku hiyo hiyo fanya mambo mawili: omba chumba kwenye shirika la hosteli za wanafunzi la mji huo, na anza viza. Tangu Januari 2025 maombi ya viza ya masomo huanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, unapakia nyaraka, kisha unakwenda ubalozini, Umoja House, na nyaraka halisi na alama za vidole. Ada ni euro 75. Pasipoti uwe nayo mkononi tayari. Ya kwetu ni shilingi 150,000 na Uhamiaji watataka namba ya NIDA.

Watakuuliza kwa nini kozi hii, kwa nini usiisome Morogoro, utafanya nini ukimaliza. Aliyeandika barua yake mwenyewe anajibu bila jasho. Aliyeandikiwa anaanza kukohoa.

Zamani aliyenyimwa viza aliweza kuandika barua ya kuomba wafikirie upya. Utaratibu huo uliondolewa Julai 2025. Sasa ni kuomba upya kwa kulipa tena, au kwenda mahakamani Berlin, na wewe uko Mafinga. Kwa hiyo faili lako liwe kamili mara ya kwanza, na kama kuna karatasi inayokosekana weka maelezo ya maandishi kwa nini haipo, usiache wabuni.

Siku ya kusafiri, vyeti halisi vyote viwe kwenye begi la mkononi, pamoja na nakala mbili mbili. Chuo kilikupokea kwa skani. Siku ya kujiandikisha kitataka kuviona vyeti vyenyewe, na sanduku lako linaweza kuwa bado liko Addis Ababa.